Sikio Kabla ya Ulimi

Lugha ina milango minne: kusoma, kuandika, kusikia na kusema. Mtu aweza kuingia kwa milango miwili na kujiona yumo ndani ya nyumba, kumbe angali barazani. Nalisema hili kwa ushahidi wa maisha yangu mwenyewe.

Nilizaliwa na kukulia Pwani, katika nyumba ya Kiswahili. Kiingereza nilikipata shuleni, kitabuni na ubaoni. Nilikisoma kwa bidii, nikakiandika kwa hati safi, na mtihani wa kidato cha nne ukanipa alama njema. Nilipopanda gari kwenda chuo kikuu Nairobi, nilichukua sanduku moja la nguo na la pili la majivuno.

Sanduku la pili lilivunjika siku ya kwanza. Mhadhiri alikuwa mtu wa ng'ambo, mwenye kauli ya mbio. Maneno ambayo ningeyatambua mara moja katika karatasi yalinipita masikioni kama mvua juu ya mabati: nilisikia kishindo, sikuweza kuhesabu matone. Wenzangu waliandika, mimi niliinamisha kichwa nikachora mistari, nisionekane mtupu.

Juma la tatu mhadhiri aliniita baada ya darasa, akanieleza jambo kwa upole, kisha akauliza kama nimeelewa. Sikuwa nimeelewa hata nusu yake. Lakini haya ilinishika, nikaitikia kwa kichwa, nikasema ndiyo. Neno hilo dogo lilinigharimu sana. Alikuwa ameniagiza nizungumze mbele ya darasa Alhamisi iliyofuata, juu ya kitabu tulichokuwa tukisoma. Siku ilipofika aliniita, nikasimama mikono mitupu na kinywa kikavu. Alama za zoezi lile zilipotea zote. Aliniuliza, "Kwa nini ulisema ndiyo?" Swali hilo nililielewa vizuri, lakini jibu sikuwa nalo.

Usiku ule nilifikiri kurudi nyumbani. Nilimkumbuka baba, aliyeuza mashua yake ili karo ipatikane, na usingizi ukanikataa.

Mwenzangu wa chumbani alikuwa amenitangulia mwaka mmoja chuoni. Nilipomwambia kuwa Kiingereza kimenishinda, alisema, "Ndugu yangu, si Kiingereza kilichokushinda, ni haya. Kuuliza si ujinga." Kisha akanionyesha kiini cha shida yangu. Kiswahili kina irabu 5, na kila moja hutamkwa kama iandikwavyo. Kiingereza nacho huandikwa kwa herufi 5 za irabu, lakini katika matamshi ya Uingereza yafunzwayo vitabuni sauti zake hufika kama 20. Kwa hiyo sikio langu lilisikia neno moja mahali palipokuwa na mawili: ship, yaani merikebu, na sheep, yaani kondoo, kwangu yalikuwa mamoja. Tena, mkazo wa Kiswahili hukaa karibu daima katika silabi ya pili kutoka mwisho. Wa Kiingereza huhamahama. Katika neno photograph hukaa mwanzoni. Katika photographer hurukia silabi ya pili. Silabi isiyo na mkazo humezwa, na msikilizaji mgeni hudhani haikutamkwa.

Tulifanya mapatano. Kila jioni tulisikiliza habari za Kiingereza redioni. Taarifa ya kwanza niliisikiliza bila kalamu, nikitafuta maana tu. Ya pili, ambayo mara nyingi ilirudia habari zile zile, niliandika maneno yaliyonitatiza, nikayatafuta katika kamusi. Asubuhi nilisoma ukurasa mmoja kwa sauti. Baada ya chakula cha usiku tulizungumza Kiingereza nusu saa, na kosa halikuchekwa bali lilisahihishwa. Zaidi ya yote, nilijizoeza kumwomba mhadhiri arudie maneno yake. Mara ya kwanza sauti yangu ilitetemeka. Lakini aliporudia, niliona kalamu nyingi za wenzangu zikianza kuandika pamoja na yangu. Kumbe sikuwa kiziwi peke yangu. Nilikuwa mmoja wa viziwi walionyamaza.

Muhula wa pili zamu yangu ya kuzungumza ilirudi. Nilizungumza dakika kumi. Neno moja nilikosea mkazo, watu wawili wakacheka, nami nikalisema tena kwa usahihi nikaendelea. Nilipoulizwa swali nisilolisikia vema, niliomba lirudiwe, kisha nikalijibu. Alama nilizopata zilikuwa za kadiri. Hata hivyo niliandika barua kwa baba usiku ule ule, kwa Kiswahili, nikamwambia kuwa mashua yake haikuuzwa bure.

Msomaji mpenzi, huenda nawe kesho utakwenda chuoni na masanduku mawili. Lile la majivuno liache nyumbani. Usiidharau lugha ya mama yako kwa ajili ya kujifunza nyingine. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imezifanya Kiswahili na Kiingereza zote mbili lugha rasmi, na mtu mwenye macho mawili hana sababu ya kufumba moja. Fundisha sikio kwanza, na ulimi utalifuata. Na usiposikia, sema hukusikia. Ndiyo ya uongo huaibisha kuliko swali la kweli.