Waliobeba Mizigo

Sisi waumini wa Kibakwe tulikuwa tunajenga kanisa. Lile la zamani lilikuwa na nyufa, na kila masika tulihamisha mabenchi kukwepa matone. Tukakubaliana kila Jumamosi iwe siku ya msaragambo: akina baba wasombe mawe na mchanga kutoka korongoni, akina mama walete maji, vijana wafyatue matofali. Asiyefika, faini shilingi 5,000. Katibu wa kamati ya ujenzi akanunua daftari, akawa anaandika majina ya wasiofika.

Jina la bibi mmoja liliandikwa mara tatu. Hatukumwuliza sababu. Jumapili moja majina yaliposomwa mbele ya watu wote, alisimama polepole, mkono mmoja ukiwa umeshika benchi la mbele.

"Wanangu," akasema, "babu yangu naye aliandikwa kwenye daftari. Wakampeleka kubeba mizigo ya vita, hakurudi. Leo kanisa nalo linaniandika? Mimi nauguza mjukuu."

Akaketi. Mchungaji akafunga kwa sala fupi. Tulitawanyika bila kusalimiana sana, na hilo kwetu si kawaida.

Habari ya vita ile tunaijua. Wajerumani, na baada yao Waingereza, waliwachukua wanaume wa Ugogo wakawe wapagazi, wakachukua na ng'ombe na nafaka. Mvua nazo zikakosekana. Njaa iliyofuata, kati ya 1917 na 1920, Wagogo waliiita Mtunya, na watu walikufa kwa maelfu. Hata kabla ya vita, tangu kodi ya nyumba ianze mwaka 1898, aliyekosa fedha aliweza kudaiwa nguvu zake.

Ila tulikuwa hatujakaa kutafakari kwamba Injili nayo ilifika kwetu juu ya vichwa vya wapagazi. Wamisionari wa CMS walifika Mpwapwa mwaka 1876, na mwaka 1878 wakaweka kituo cha kudumu. Dawa, misumari, vitanda, vitabu, vyote vilitoka pwani kwa miguu ya watu, kila mtu na mzigo wa kilo kama 30. Mwaka 1877 Alexander Mackay alisimamia ukataji wa njia kutoka Saadani hadi Mpwapwa, ili mikokoteni ya ng'ombe ipite. Lilikuwa wazo jema. Ng'ombe wakafa kwa mbung'o, na mizigo ikarudi vichwani.

Malipo yalikuwa vitambaa, fedha kidogo na posho. Tena, na hili linauma kuliandika, baadhi ya wapagazi waliokodiwa pwani na wasafiri wa Ulaya siku zile walikuwa watumwa, na bwana wao alichukua sehemu ya ujira. Watu waliokuja kuupinga utumwa walitembea njia ileile, kwa desturi ileile ya safari.

Tusiwe wepesi kuhukumu. Waliokombolewa utumwani walipata kimbilio misheni, Bagamoyo tangu 1868 na Frere Town, Mombasa, tangu 1875. Humo walipata nyumba, shule na ndoa, na pia kazi za shamba kwa saa zilizopangwa. Ilikuwa hivyo hata mbali. Kule Paraguai, chini ya Wahispania, Wajesuiti walianza mwaka 1609 kuwakusanya Waguarani katika vijiji vya misheni, wakawakinga na walowezi waliotaka kuwatumikisha. Lakini kijijini kengele ndiyo iliyosema lini kulima na lini kusali, na mwaka 1767 mfalme alipowafukuza mapadri, kinga ile nayo ikaondoka. Mtu anaweza kumkimbia nyapara akakutana na kengele.

Jumapili iliyofuata mchungaji alihubiri juu ya Simoni Mkirene, aliyetoka shamba akashikwa na askari, akatwishwa msalaba asiouomba. Huyo alikuwa mpagazi wa lazima. Marko hakumwacha hivihivi, aliandika jina lake, na ya wanawe wawili, Aleksanda na Rufo. Tukawakumbuka wetu. Andrea Mwaka, mmoja wa makasisi Waafrika wa kwanza wa huku, jina lake lipo kwenye shule pale Dodoma, na ni haki yake. Wa mizigo hatuna hata mmoja wa kumtaja.

Jioni ile wanakamati walikwenda kwa bibi. Walimkuta anampa mtoto uji kwa kijiko. Hawakuhubiri; walisema, "Bibi, tusamehe," naye akawaambia wakae, chai iko jikoni.

Faini tumeifuta. Mzee mmoja wa kanisa alipinga, akasema bila faini jengo halitasimama, na hatuwezi kusema alikosea kabisa: Jumamosi watu wamepungua, ukuta wa mashariki bado haujafika linta. Daftari lipo. Sasa yanaandikwa majina ya waliofika. Mtoto alipopona bibi alikuja na ndoo yake ya maji, na katibu alipotaka kumwandika alimzuia, akasema aanze na babu. Katibu akaliandika lile jina juu kabisa ya orodha, kisha akamwuliza linavyoendelezwa, kwa sababu hakuna aliyewahi kuliona limeandikwa.