Kimya si Kukubali

Nyumbani kwangu nikisema neno, hakuna anayelipinga. Kwa miaka mingi nilidhani kimya hicho ni kukubali, hadi nilipofika Stockholm, Uswidi.

Mwenyeji wangu alinipeleka kwenye jumba la makumbusho la Vasa. Ndani mna meli nzima ya kivita ya mbao, urefu wake mita 69, imejaa nakshi za simba. Ilianza kuundwa na fundi Mholanzi, Henrik Hybertsson, kwa amri ya Mfalme Gustav II Adolf.

Agosti 10, 1628, Vasa iling'oa nanga. Haikufika mbali. Baada ya mita 1,300 hivi, upepo uliilaza upande, maji yakaingia kwenye matundu ya mizinga, ikazama. Watu wapatao 30 walikufa. Iliopolewa mwaka wa 1961.

Lililonichoma moyo ni hili: kabla ya safari, mabaharia 30 walikimbizwa huku na huko sitahani kuipima. Iliyumba vibaya hata jaribio likakatizwa. Lakini mfalme, aliyekuwa vitani ng'ambo, alikuwa akituma barua za kuhimiza, na safari haikuahirishwa.

Nikamkumbuka binti yangu wa kidato cha nne. Nilikuwa nimekwisha kumwamulia uhandisi. Usiku huo nikampigia simu.

"Mwanangu, wewe mwenyewe wataka kusomea nini?"

Akanyamaza kitambo. "Baba, naogopa utakasirika."

Nikavuta kiti, nikamwambia aseme. Safari hii nilisikiliza hadi mwisho.