Tabo, pamba na ndoo ya maji

Nimerudi kampasi tangu juzi, vumbi la Malampaka bado liko masikioni na bumu halijatoka. Daftari la thamodainamiki liko wazi mbele yangu ila kichwa kiko Usukumani, kwenye Fuso ya baba mdogo. Ngoja niandike kwanza, desa litasubiri.

Kwa msiopajua, Malampaka ni stesheni ya wilaya ya Maswa, mkoa wa Simiyu, kwenye ile reli iliyofika Mwanza mwaka 1928. Kule ni pamba. Msimu ukifunguliwa, mwenye gari hana usingizi, anazunguka vijijini kukusanya marobota na magunia. Fuso ya baba mdogo ndiyo inayonisomesha mimi: mkopo unalipa kipande, kipande kilichobaki anatoa yeye baada ya msimu.

Sasa gari limeishiwa nguvu. Likiwa na mzigo, kimuinuko kidogo tu linatapika moshi mweusi na kutambaa kama kobe. Kijana mmoja fundi akamwambia dawa ni kufunga tangi la maji na pampu ya kupulizia intakula, "kama Subaru za mashindano". Bei: laki tatu na nusu, kazi na vifaa. Baba mdogo akaniita barazani.

"Mwanangu, si wewe unayesomea mainjini? Hiki kitu ni kweli?"

Jamani, huo ndio ulikuwa mtihani. Kitu chenyewe ni kweli kabisa. Ila laki tatu na nusu ni ada yangu ya muhula ujao, naye anajua kwamba najua. Nikisema hapana, si ataona natetea tumbo langu?

Nikaanza na ile iliyo kweli. Tabo linashindilia hewa ndani ya injini, na hewa ikishindiliwa inapata moto. Wote tuliowahi kujaza baiskeli upepo tumeshika pampu tukaisikia. Hewa ya nyuzi 30 ikibanwa mara mbili inatoka kwenye tabo ikiwa imepita nyuzi 100. Hewa ya moto ni nyepesi, oksijeni yake ni kidogo. Ndiyo maana kuna intakula, yaani rejeta ya hewa: upepo wa nje unapita kwenye mapezi yake na kuipoza ile ya ndani. Ikiwa kwenye nyuzi 60 hivi, kila nyuzi 10 unazoshusha zinaongeza hewa kama asilimia 3. Si muujiza, lakini kwenye mashindano asilimia 3 ni ushindi.

Na maji? Baba mdogo hakuhitaji mhadhara, mtungi ulikuwa kona ya baraza. Maji yanapenya kwenye udongo, yanakauka kwa nje, na yakikauka yanaondoka na joto. Lita moja ikigeuka mvuke inabeba takriban kilojuli 2,400, karibu mara kumi ya joto ambalo lita hiyo hiyo ingebeba kwa kupashwa nyuzi 60 bila kukauka. Kwa hiyo unapulizia ukungu mwembamba ukaukie kwenye mapezi, humwagi ndoo. Wajapani walilijua hili: Impreza STI kadhaa na Lancer Evolution zilitoka kiwandani na tangi dogo la maji na swichi ya dereva. Ni magari ya ukoo ule ule wa Impreza ambayo Colin McRae alishinda nayo Safari Rally kule Kenya mwaka 1997.

Tena kwa Malampaka ujanja huu ungefanya kazi kuliko Dar! Hewa ya nyuzi 32 yenye unyevu wa asilimia 30 inaruhusu maji kupoa hadi karibu nyuzi 20. Joto lile lile likiwa na unyevu wa asilimia 75, kama pwani, unaishia 28. Kiangazi cha kwetu ni kikavu, mtungi unajua. Tatizo ni kwamba kiangazi hicho hicho ndipo akina mama wanapanga foleni ya ndoo kisimani. Pampu ikitumia lita moja kwa dakika, ndoo ya lita 20 inakwisha kabla hujatoka kijiji cha kwanza. Na maji ya chumvi yanaacha ukoko mweupe kwenye mapezi, kama ule wa kwenye birika.

Halafu kuna hili: Subaru ya petroli inapulizia sekunde chache, dereva akitaka kupita. Hewa baridi inaizuia petroli isijilipue kabla ya wakati wake, kwa hiyo faida ni mara mbili. Dizeli haina ugonjwa huo. Na Fuso inakaza saa nzima. Moshi mweusi maana yake dizeli ipo, hewa haitoshi. Nikamwambia, "Baba, kabla ya kuipoza hewa, tuulize kwanza imekwenda wapi."

Akacheka, akasema haya, kesho asubuhi.

Tulifungua mbele pale. Wadau, intakula ilikuwa imevaa koti! Nyuzi za pamba zimejaa kwenye mapezi, zimeshikana na vumbi na mafuta kama godoro la sufi. Upepo ungepita wapi? Tukasafisha kwa brashi laini na maji ya sabuni, taratibu mapezi yasilale. Kisha tukakuta mpira wa kutoka kwenye tabo umepasuka chini ya klipu, mahali usipoona mpaka upapase kwa kidole. Mpira mpya na klipu mbili: elfu arobaini na tano.

Jioni alibeba mzigo. Moshi ulipungua sana, na kile kimuinuko alikipanda kwa gia ya juu zaidi ya alivyozoea. Fundi kijana alikuja kuangalia, akashika ule mpira uliopasuka, akauliza kama anaweza kuuchukua akaonyeshe wenzake. Nilimpenda kwa hilo.

Ila jana usiku baba mdogo amepiga simu. Nguvu ipo, anasema, lakini sasa mpira hauvuji anaisikia tabo yenyewe ikipiga mluzi mkali, na mafuta ya injini yanapungua kila siku mbili. Nimemwambia azime, ailegeze ile paipu, ashike ekseli ya tabo kwa vidole aone kama inacheza. Ikicheza, hiyo ni bei nyingine kabisa, na laki tatu na nusu haitoshi hata kuanzia. Bado hajapiga.