Mhesabu Mapigo

Wahenga walinena kuwa nyumba njema si mlango. Usemi huu nilikuwa nikiupachika katika insha zangu kama pambo tu, hadi likizo ndefu ya mwaka wangu wa kwanza iliponikuta sina karo. Nilitafuta kibarua palipokuwa pakijengwa daraja dogo la kuvuka hori huku kwetu pwani, nikaandikwa karani wa mkaguzi wa nguzo za msingi.

Nguzo hizo ni za zege lenye nondo ndani yake. Husimamishwa wima, kisha nyundo ya tani kadhaa huinuliwa na kuangushwa juu ya utosi wake, pigo baada ya pigo, hadi zipenye tope la mikoko na mchanga na kufikia mwamba wa matumbawe. Zikishazama, hakuna jicho litakaloziona tena. Shahidi pekee anayebaki ni daftari la mkaguzi.

Mzee yule, ambaye sote tulimwita Mzee kwa heshima, alianza kazi kabla ya nyundo kunguruma. Aliikagua kila nguzo kama ina ufa, akapima urefu wake na kuhakikisha kuwa imesimama mahali pake. Kisha aliitazama kwa timazi, isije ikainama zaidi ya sentimita 1 kwa kila sentimita 75 za kimo chake. Nguzo ilikuwa imechorwa alama za rangi kila robo mita. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu mapigo baina ya alama na alama. Aidha, nilipaswa kuandika nyundo iliangushwa kutoka kimo gani, kwa kuwa mapigo 20 ya nyundo iliyoinuliwa kidogo si sawa na mapigo 20 ya nyundo iliyoinuliwa ipasavyo. Mwisho tulipima nguzo imeshuka milimita ngapi katika mapigo 10 ya mwisho. Ilipokuwa haishuki tena, vibarua walisema, "Imegoma!" Nililipenda neno hilo kuliko istilahi zote za vitabuni.

Siku moja alasiri, maji yakiwa yanajaa, tulikuwa tukipigilia nguzo ya 23. Niliandika 14, kisha 19, 26, 31. Robo mita iliyofuata ilizama kwa mapigo 7 tu. Nilidhani nimepotewa na hesabu. Msimamizi wa mkandarasi alichungulia daftari langu akasema, "Kijana, andika 33 tuendelee. Maji hayatusubiri." Nami, kwa woga wa kukosa ujira, nikaandika 33.

Mzee alikuwa upande wa pili na timazi yake. Sikujua kwamba naye alikuwa akihesabu kwa masikio. Aliinua mkono, nyundo ikasimama. Alikuja, akaisoma nambari yangu, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, hii umeihesabu au umeambiwa?" Ulimi wangu ulikuwa mzito.

Hakunifokea. Alinieleza kuwa nguzo iliyokuwa ikizidi kugoma haiwezi kulegea ghafla bila sababu: ama imekuta pango ndani ya matumbawe, ama imevunjika. Aliniamuru niikate nambari ile kwa mstari mmoja, bila kuifuta, niandike 7 juu yake na kutia sahihi yangu. Msimamizi alilalamika kuwa tunamchelewesha. Mzee akamwita mhandisi. Baadaye nguzo ilipimwa kwa kugongwa kidogo utosini na kusikilizwa mwangwi wake kwa chombo maalumu. Ilikuwa imevunjika chini ya ardhi. Nguzo 2 mpya zilipigiliwa kandokando yake ili kubeba mzigo wake.

Kazi ya mkaguzi, basi, si kuwa adui wa mkandarasi, wala si kumfundisha fundi kazi yake. Ni kuona, kuhesabu, kuandika kilichotokea, na kusema "simameni" panapostahili, hata kama kila mtu ana haraka. Yeye hajengi daraja, lakini wanaolivuka humtegemea bila kumjua.

Nilirudi chuoni na karo yangu. Sikuhizi ninapohesabu mizani za shairi na kukuta mshororo mmoja umepungua, siupitishi kwa kudhani kuwa sikio langu ndilo lililokosea. Hali kadhalika ninapokusanya data ya utafiti: jibu lisiloafiki nadharia yangu huliandika jinsi lilivyo. Huenda likawa ndilo linaloniambia kuwa kuna kitu kimevunjika chini.

Mwanafunzi mwenzangu, kila nivukapo hori lile huwaona abiria wakisinzia garini. Nami huikumbuka ile 33 niliyoiandika, na mstari mmoja ulioikata.