Kilo tatu badala ya tano

Jumapili usiku, Mlimani

Najua nimepotea wiki tatu hivi, na wengine mmeshaniuliza kwenye korido kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Ni kwamba kila nikikaa kuandika kuna jambo moja linanikabili, na nikiliruka nikaanza habari za msosi wa kafeteria au foleni ya maktaba nitakuwa nawazuga tu. Kwa hiyo leo naliandika, halafu maisha yaendelee.

Mnaikumbuka ile safari ya huduma ya Mlandizi. Mlioko kwenye feloshipu wengi mlikuwepo, na Jumatano iliyopita mlisikia mwenyewe nikisema. Hii ni kwa wale ambao hamkuwepo, na kwa wale mliosikia nusunusu kisha mkaanza kuongezea chumvi.

Bumu langu lilichelewa. Kosa ni langu, sikwenda kusaini mapema, nikasukumwa awamu ya pili. Mimi ndiye mhazina, na michango ya safari ilikuwa inatumwa kwenye M-Pesa yangu, laini yangu mwenyewe, ileile mama anayonitumia hela. Hakuna aliyeona tatizo, mimi nikiwa wa kwanza. Hela ya huduma na hela ya chipsi zikakaa mfuko mmoja. Ukiangalia salio unaona namba moja tu, haikuambii hii ni ya nani. Basi nikala. Siyo kwa siku moja. Elfu tatu ya kopi, elfu mbili ya bando, elfu tano siku niliyokaa bila kitu tumboni mpaka saa kumi jioni. Kila mara nilijiambia bumu likiingia narudisha, na kiukweli nilikuwa namaanisha. Wiki ya safari ilipofika nilikuwa nimeshakula 28,000.

Kikao kilikuwa kimepitisha mchele kilo 25. Ijumaa jioni nikanunua kilo 15. Usiku wenzangu wakauliza mbona mfuko umekuwa mdogo, nikasema, "Mchele umepanda jamani, acheni tu." Wakanipa pole. Dada mmoja hata akaomba Mungu aniongezee hekima ya kusimamia kidogo tulicho nacho. Nikaitikia amina, tena kwa sauti.

Hapo ndipo pananisumbua kuliko hiyo hela yenyewe. Hela nilikula kwa njaa na uzembe. Uongo niliusema nikiwa nimeshiba.

Jumamosi alfajiri tukatoka, tukaunganisha magari mpaka Mbezi, tukapata la Mlandizi, tukaimba kuanzia Kibamba mpaka Visiga, konda akachoka akaongeza muziki wake. Mlandizi tukashuka, tukaingia kwa bodaboda barabara ya kwenda Mzenga, ile inayoelekea upande wa Kisarawe. Mchanga mtupu. Kanisa lenyewe ni la matofali ambayo hayajapigwa lipu, mabenchi ya mbao, waumini kama arobaini. Majirani wengi ni Waislamu, kama ilivyo Uzaramoni kwa ujumla, na waliitika salamu zetu vizuri tu, wengine wakaja kukaa mwembeni kutusikiliza.

Asubuhi hiyo mimi nilipangiwa kufundisha vijana. Mada: Kiongozi Mkristo na uaminifu. Sitanii. Nilikuwa nimeiandaa wiki mbili kabla, na nilifundisha vizuri. Nilizungumzia Zakayo alivyoahidi kurudisha mara nne. Kijana mmoja aliuliza kama ni lazima iwe mara nne, watu wakacheka, na mimi nikacheka.

Baada ya chakula mwinjilisti wa pale akatuita kugawa mchele. Ni mzee mfupi, mpole, ana kaunta buku iliyofunikwa kwa gazeti. Mwenyekiti wetu alikuwa amempigia mapema kumwambia tunakuja na kilo 25, kwa hiyo yeye alishapanga. Ameandika wazee watano, mbele ya kila jina kilo 5. Watatu wa kanisani, wawili majirani Waislamu, kwa sababu, alituambia, njaa haiulizi mtu anasali wapi. Wazee wenyewe walikuwa wameshaitwa, wamekaa, na vikapu wamekuja navyo.

Akauinua mfuko. Akauangalia. Akatuuliza, "Ni huu tu, au mwingine uko nyuma?"

Mwenyekiti akanigeukia. Nikasema mchele umepanda.

Mzee hakusema kitu. Akafungua kaunta buku, akachukua kalamu, akakata ile 5 ya kwanza akaandika 3. Akakata ya pili, akaandika 3. Mara tano. Alifanya taratibu, na alikata kwa mstari mmoja tu ili ile 5 iendelee kusomeka. Nilisimama pale naangalia kila mstari. Bibi mmoja aliyejifunga kanga alipomiminiwa zake tatu akanishika mkono akasema, "Mungu akuzidishie mwanangu, usome, uwe mkubwa." Nikamwambia marahaba. Marahaba! Hakunipa shikamoo, wala mimi sikuwa nimemwamkia. Ulimi ulikuwa hauko kwangu kabisa.

Jioni, tukisubiri gari, tulikaa kwa bibi mwingine, mzee wa kanisa. Yeye siyo wa Pwani, ni Mhaya wa Bukoba. Alikuja huku na marehemu mume wake aliyekuwa fundi kwenye mtambo wa maji wa Ruvu Juu, ule unaosukuma maji kuja Kibaha na Kimara, akazoea, hakurudi. Katika kutupigisha stori akasema jambo ambalo naamini hakuwa ananilenga mimi, maana alikuwa anamenya mihogo na hata hakuniangalia. Alikuwa anasimulia Uamsho wa kwao alipokuwa mtoto. Watu walikuwa wanasimama wanaungama dhambi kwa jina lake. "Siku hizi mnaungama kwa kama," akasema. "Kama kuna mtu nimemkosea, anisamehe. Sisi hatukuwa na kama. Umeiba jembe, unasema jembe, na unalibeba unakwenda nalo kwa mwenyewe." Baba yake aliwahi kutembea siku nzima kurudisha debe la kahawa, na mwenye debe alishasahau, akadhani wanataka kumloga.

Wote tulicheka. Mimi kahawa ilinipalia.

Niliporudi nikaingia maktaba, siyo kusoma mtihani, kusoma habari za huo Uamsho. Ulianzia Gahini, Rwanda, kwenye kituo cha hospitali cha wamisionari wa Kianglikana, ukaenea miaka ya 1930, ukapita Uganda ukaingia Bukoba kwa Walutheri. Walikuwa na msemo, kutembea nuruni. Maana yake siyo kutokuwa na dhambi, maana yake ni kutokuwa na chumba kilichofungwa. Askofu Josiah Kibira wa Bukoba, aliyechaguliwa mwaka 1977 hapahapa Dar es Salaam kuwa rais wa kwanza Mwafrika wa Shirikisho la Walutheri Duniani, alikuwa mtu wa Uamsho. Festo Kivengere naye, yule askofu wa Uganda aliyewahi kuwa mwalimu Dodoma. Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa wakati wa Idi Amin, Kivengere akakimbia nchi na mkewe wakavuka kwenda Rwanda. Mwaka uleule akatoa kitabu ambacho jina lake linasema anampenda Idi Amin. Watu walishangaa. Yeye alieleza kwamba aliikuta chuki ndani yake mwenyewe, na akaona hawezi kuhubiri huku ameifunika. Mtu ana kila haki ya kuchukia, na bado anaisema chuki yake kama dhambi. Mimi nilikuwa nimefunika kilo kumi za mchele.

Sisemi Uamsho ulikuwa mbinguni. Palikuwa na magomvi, wengine waligeuza kuungama kuwa mashindano, wakawahukumu ambao hawaungami kwa sauti, mahali pengine makundi yakagawanyika. Nalijua hilo, na nililitumia kama kisingizio siku mbili nzima: nikisimama mbele nitakuwa najionyesha.

Kisingizio cha pili alinipa mwenyekiti. Nilimfuata Jumatatu nikamwambia yote. Alinyamaza, kisha akasema, "Kaka, rudisha kimyakimya. Wa mwaka wa kwanza ndiyo kwanza wameanza kutuamini. Ukisema mbele, watasema wote ndivyo tulivyo." Hakuwa mtu mbaya, na hoja yake ina uzito, bado naiona ina uzito. Nikakubali. Nililala vizuri usiku ule, na hilo ndilo lililonitisha asubuhi.

Rumeti wangu hana habari na wokovu, anasoma sayansi ya siasa, na nilipomweleza alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akanipa darasa. Azimio la Arusha, 1967, miiko ya uongozi: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba za kupangisha, asiwe na hisa kwenye kampuni. Mwaka 1991 chama kikalegeza kule Zanzibar. "Sisi tulikuwa na Azimio, nyie mna Biblia," akasema, "na wote mnakula." Nikamjibu kwamba Nyerere hakuhitaji Azimio kuacha mshahara wa Pugu mwaka 1955, alipotakiwa achague ualimu au siasa. Akasema sawa, lakini yeye aliacha mshahara mbele ya watu, siyo gizani. Alidhani amenishinda, kumbe amenisaidia.

Basi wiki iliyofuata, Jumatano, baada ya sifa, nikaomba dakika tatu. Nilikuwa nimeandika kwenye karatasi ili nisiweke "kama". Nikasema: nilikula 28,000 za safari. Nilinunua kilo 15 badala ya 25. Niliwaambia mchele umepanda, haukupanda. Wazee watano walipata tatu badala ya tano.

Kimya. Mtu mmoja nyuma akasema amina, nadhani kwa mazoea, kisha akaona haya. Mwenyekiti alikuwa anaangalia viatu vyake. Nilitegemea nini sijui, labda machozi na kukumbatiwa, kama kwenye shuhuda. Dada aliyeniombea hekima ndiye aliyenyoosha mkono. Akauliza, kwa adabu kabisa, "Na zile za Pasaka?"

Za Pasaka sikugusa hata shilingi. Risiti ninazo. Lakini nilipokuwa nasema hivyo niliona nyuso, nikaelewa kwamba kuanzia sasa nitakuwa natoa risiti kwa mambo niliyofanya vizuri. Hiyo sikuihesabu nilipokuwa nakula elfu tatu tatu. Nilimwambia nitaleta, na Ijumaa nikapeleka. Alizikagua zote, moja moja, akarudisha. Sikuchukia. Niseme kweli, nilichukia kidogo.

Uhazina nimeuachia. Sasa hela inatunzwa na watu wawili, laini ya peke yake, na kila mwisho wa mwezi inasomwa mbele ya wote mpaka hamsini ya mwisho. Kwa nini hatukufanya hivyo tangu mwanzo? Kwa sababu tulisema sisi ni ndugu tuliookoka, tunaaminiana. Kule Mlandizi wanaaminiana pia, na mzee wao husoma sadaka kila wiki, na siku ile tulipokuwepo mtu aliuliza elfu mbili za betri zimekwenda wapi, akaonyeshwa risiti, akakaa. Hakuna aliyenuna.

Jana ndiyo nilirudi Mlandizi, peke yangu, na kilo kumi mapajani kwenye kiti cha nyuma. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nikamkuta mwinjilisti shambani kwake, anapalilia mihogo. Nikaamkia, nikasema nililokuja kusema. Akanisikiliza akiwa ameegemea jembe. Alipoona nimemaliza akauliza, "Umekula?" Nikasema bado. Akaniambia tukale kwanza.

Baada ya ugali akaitoa ile kaunta buku. Akatafuta ukurasa, akaweka tarehe ya jana, na pembeni ya kila 3 akaandika + 2. Tukapita nyumba kwa nyumba. Kila mlango alitaka niseme mwenyewe, na nikasema. Mzee mmoja wa Kiislamu akaniambia, "Ah, kijana, mimi nilidhani mchele umepanda kweli, nikawa nawalaumu wenye maduka bure." Yule bibi wa kanga hatukumkuta, amekwenda Mzenga kwa binti yake na hajulikani anarudi lini. Zake mbili zimebaki kwa mwinjilisti, kwenye mfuko umefungwa, na mbele ya jina lake hakuandika chochote. Alisema ataandika atakapompa.

Hizo 28,000 nimekopa kwa rumeti, kwa hiyo anayenidai sasa ni yeye. Nimemwandikia kwenye karatasi, ameibandika ukutani juu ya kitanda changu, shetani mkubwa. Bumu la awamu ya pili bado. Kesho nina mtihani saa mbili na sijafungua daftari.

Usiku mwema.