Chukudu na njia yake

Sisi watu wa Goma tunapenda kusifu chukudu. Ni gari letu la mbao, halina pedali wala mnyororo. Liko na magurudumu mawili yenye kuvalishwa mpira. Mwenye kuliendesha anaweka goti moja juu ya ubao, mguu wa pili unasukuma. Tangu mwaka 2009 liko hata na sanamu mjini. Lakini nani anasifu njia yake?

Jiwe moja la volkano linatosha kuangusha mutu pamoja na makaa ao viazi vyake. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ililipuka, lava ikapita mjini mpaka ziwani. Ilipopoa, tulivunja mawe kwa nyundo, tukajaza mashimo, na magurudumu yenyewe yakashindilia changarawe.

Wakati wa Zaire kazi ya namna hii iliitwa salongo, nayo ilikuwa ya lazima. Njo maana wengi waliichukia. Lakini mbele ya salongo, wazee wetu walifyeka njia ya mtoni pamoja bila kuamriwa.

Leo kijana anajaza shimo, halafu anafunga kamba na kuomba franka. Hatumulaumu, njaa ni njaa. Ila anayelipa ni ule ule mwenye kusukuma mzigo kutoka mbali.

Basi, tukifundisha watoto kuchonga chukudu, tuwafundishe pia kutengeneza njia. Moja bila ingine, desturi haitembei.