Mwanzi na ndoana kwa anayeanza kuvua

Unataka kujifunza kuvua kwa ndoana. Vizuri. Mimi ni bwana shamba, si mvuvi wa Ujiji, lakini miti naijua.

Kata mwanzi mkomavu, ulionyooka, wenye urefu wa mita 3 au 4. Uanike kivulini mpaka ukauke. Mwanzi mbichi ni mzito. Usichague mfupi eti ni rahisi kubeba. Mto Malagarasi una mamba. Mwanzi mrefu hukuwezesha kusimama mbali na maji. Mtoto asiende peke yake, hata maji yakiwa yametulia.

Funga mshipi katikati ya mwanzi kwanza, ndipo uufikishe kwenye ncha. Ncha ikivunjika, samaki hataondoka na mshipi wako.

Sasa ndoana. Hapa wengi hukosea dukani. Namba ikiwa kubwa, ndoana ni ndogo! Namba 14 ni ndogo kuliko namba 8. Perege ana mdomo mdogo, mpe ndoana ndogo yenye mnyoo. Kambale ana mdomo mpana. Yeye anataka ndoana kubwa na mshipi mnene.

Ile mashine ya kuviringia mshipi inayouzwa mjini, ninavyoona mimi, iache kwanza. Pesa hiyo nunua ndoana za akiba, maana nyingi zitanasa kwenye mizizi.